Ombi la Kuletewa Nyuklia ili Tuikatae

Kikundi cha Wafugaji,
Subukia.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa mambo ya stima,

Ninakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kwamba huko Nairobi taa zinawaka vizuri. Mimi ni Mugure, mwenyekiti wa wafugaji wa hapa na, tangu Jumapili, mwenyekiti wa Kamati ya Kukataa Nyuklia.

Shida yetu ni kwamba hakuna aliyetuletea nyuklia ya kukataa. Redioni tunasikia wenzetu wa pwani na wa ziwani wakiitwa ukumbini kutoa maoni. Wanavalishwa fulana, wanalishwa pilau, kisha wanasimama mbele ya wakubwa na kusema hawataki. Sisi hatujawahi kuulizwa lolote. Malalamiko yetu ni haya:

1. Upepo. Alikuja mtaalamu akasimamisha mlingoti wa kupimia upepo wa stima shambani kwa Kimaiyo, kisha akaung'oa akisema upepo wetu ni mpole mno. Upole umekuwa kosa tangu lini?

2. Jua letu nalo tuliambiwa lina mawingu. Mvuke wa kuzalisha stima unachimbwa kwa watu wa Menengai, na sasa mke wa mwanangu, Sue, anayekaa Kiamunyi, upande huo, na hajawahi kuukaribia mvuke huo hata kwa kuchemsha yai, hunicheka mbele ya wageni: "Woiye mathe, pole, nyinyi hata steam hamna!" Hilo linaniuma sana. Imebaki nyuklia, ambayo tumesikia haichagui hali ya hewa.

3. Matayarisho yamekamilika. Mabango yako tayari. Kwaya imefanya mazoezi ya wimbo wa "Hatutaki" kwa sauti nne, na mwalimu mstaafu Khisa, anayeimba besi, amegoma kurudia nyimbo za kawaida mpaka huu utumike. Mwanakamati Chepngeno anaweza kuzirai kwa hasira saa yoyote mtakayotaja.

4. Lalamiko hili limefutwa. Lilikuwa la Mwaura, aliyetaka tuikubali nyuklia. Tulimwondoa kwenye kamati, naye ameunda yake. Unaona tumeshagawanyika hata kabla ya mradi kufika, kazi ambayo kwingine mngeifanya wenyewe.

5. Hili ndilo kubwa. Mkija kwa semina ya maoni, magari yenu yatapita kando ya tangi letu la kupozea maziwa. Hapo mtaiona transfoma iliyoungua wakati wa ile mvua kubwa. Tumepiga simu, tumeandika, tumeenda hadi Nakuru, tukaambiwa tusubiri. Tangini sasa tunaweka magunia. Maziwa ya jioni yanachacha tukiyatazama, na juzi nilimwaga ya Cate, mjane asiye na kingine cha kusomeshea watoto. Nililia, Mheshimiwa, na hayo hayakuwa mazoezi. Mkubwa hafungi safari kuja kuona transfoma, lakini kwa nyuklia atakuja mbio. Ndiyo maana tunaiomba.

Tunaomba mtambo mmoja tu, hata kama ni mdogo. Tunaahidi kuukataa kwa amani na kumaliza kabla ya saa ya kukamua, ili nanyi mrudi mapema.

Wasalimie wote wa ofisini, wa nyumbani kwako, na madereva, maana hao ndio watakaoiona njia yetu kwanza.

Wako mtiifu katika kukataa,
Mugure wa Ndegwa

Tanbihi: Tafadhali usije. Kabla sijafunga bahasha, gari limefika na transfoma mpya. Vijana wa stima walikuwa wakiipeleka kwingine, ukungu ukawapoteza. Wakauliza, "Mathe, hapa ndio pale tumetumwa?" Chepngeno akajibu, "Ndio hapa, mmechelewa sana," akawakaribisha chai na githeri. Wameifunga wakaenda zao; sasa tangi linanguruma, na maziwa ya Cate yamo ndani yanapoa. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimeshabandika. Kwa hiyo msituletee nyuklia, semina, wala mgeni yeyote mwenye maswali. Subukia tumezoea kusahauliwa, na kwa heshima kubwa tunaomba mwendelee hivyo hivyo.