Tuzo Irudishwe, au Niletewe Mabinti Wawili

Bwera, Wilaya ya Kasese,
Uganda.
Desemba, 2018

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Tuzo,
Tamasha la Filamu la Nchi za Maziwa Makuu.

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA TUZO YA MWIGIZAJI BORA WA KIKE, AU KUPATIWA MABINTI WAWILI

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na afya na mkiwa mmekaa, maana ni ndefu. Mimi ni Enoka, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, na mwenyekiti wa chama cha mazishi cha kijiji chetu hapa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ni baba mzazi wa Mackline, yule msichana mliyempa tuzo ya kioo mwezi uliopita huku akilia na ninyi mkipiga makofi. Kiswahili changu ni cha sokoni, kwa hiyo nimemwomba Mwalimu Abdunoor anisafishie barua hii. Makosa yakibaki ni yake, hasira ni yangu.

Sina ubaya na sanaa. Hata Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano. Lakini tangu mtoto huyu aingie kwenye televisheni, mimi baba yake nimepata hasara ya heshima, na ninyi ndio mmeweka muhuri. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mackline alikuwa mtoto wa darasa la nne alipoigiza kwenye mashindano ya shule pale Kasese mjini. Watu wa televisheni kutoka Kampala walimwona wakampenda, wakamchukua akaishi kwa shangazi yake Immy ili aigize kwenye tamthilia ya watoto. Mimi nilikubali nikidhani atacheza mtoto mwenye akili anayewafundisha wenzake kunawa mikono. Wakampa uyatima. Baba yake wa kwenye tamthilia alikuwa amekufa kabla hata haijaanza, na kila Jumamosi mwanangu alimlilia kwa uchungu ambao sijapata kuusikia hata kwenye matanga ya kweli, nami matanga nayajua.

Kijiji chetu kizima hutazama televisheni dukani kwa Sunday. Baada ya kipindi cha pili wanawake walianza kufika kwangu na maharage na unga wa muhogo. Mama Erina, ambaye huvuka mpaka kila siku ya soko, alinikuta kibarazani nikila, akatua kikapu chake na kupiga kelele, "Eeh, Baba Masika! Uko muzima? Na mutoto iko nalia kule kwa televizyo, anasema hana baba!" Nikamjibu kwamba niko mzima. Akachukua kikapu chake na kuondoka nacho. Blasio, katibu wa chama chetu cha mazishi, alitaka suala langu liwekwe kwenye ajenda. Nilisimama mwenyewe kikaoni nikatetea uhai wangu, na bado wajumbe wengine waliona ni vyema tupige kura.

2. Alipofika sekondari, wakamwondoa kwenye uyatima wakamfanya mwizi. Alikuwa mtumishi wa nyumbani anayeiba kwa ustadi: sahani, shuka, hata pasi ikiwa bado ya moto. Alipokuja likizo ya Krismasi majirani walimpokea kwa vigelegele, wakaingiza sufuria zao ndani. Kanisani alikuwa na zamu ya kupitisha kikapu cha sadaka. Mchungaji akaona mwaka huo kikapu kipitishwe na mtu mwingine, "ili mtoto apumzike".

Afande Omara, mkuu wa kituo, ambaye kwao ni Lango, huko kaskazini, na hafahamu mzaha, alikuja na askari wawili. "Wewe mzee, simama hapo! Hii mtoto yako iko na sahani ya watu. Leta yote inje!" Nikamweleza kwamba sahani zile ziko ndani ya televisheni. Akafikiri. "Basi hiyo televisheni iko wapi?" Nikampeleka kwa Sunday, na huko akaketi kutazama. Tangu siku hiyo yeye na mkewe Atim hawakosi kipindi, na kila akikutana nami njiani huniuliza kama mwanangu ameacha tabia ile. Humjibu kwamba tunamwombea.

3. Sasa nafika kwenye filamu yenyewe, hii mliyoisifu kwamba imegusa mioyo. Wangu imeugusa kwa kiwiko. Humo Mackline ni binti anayeacha masomo ili amuuguze baba yake mgonjwa. Anamnyoa ndevu, anamwosha miguu, anamlisha uji kwa kijiko akiupuliza kwanza. Waheshimiwa, mimi mwaka jana nilishikwa na malaria nikalazwa. Binti huyuhuyu alinipigia simu, akanipa pole nzuri sana, akasema wanamwita kwenye kamera.

Na huyo baba waliyempa! Mtu mnene wa Kampala, amevaa shati langu, yaani shati kama langu, anashika jembe kama mtu aliyeokota nyoka. Analima akirudi nyuma. Ukumbi mzima wa Kasese ulilia alipokufa, na mimi nililia pia, lakini kwa sababu zangu. Tangu hapo wanaume wenzangu wananilinganisha naye. Wanasema yule alikuwa baba mwenye maneno laini. Bila shaka, ameandikiwa! Mimi maneno yangu nalazimika kuyatunga mwenyewe, tena papo hapo, tena nikiwa na njaa.

Hayo yote niliyavumilia. Mvumilivu hula mbivu, nami nilingoja mbivu zangu. Mkaniletea la nne.

4. Usiku wa tuzo tulijaa kwa Sunday hadi watu wakaketi juu ya magunia ya kahawa. Mshereheshaji wenu akafungua bahasha akasoma, "Kabugho Mackline!" Na maandishi yakatokea chini ya skrini, makubwa, yasiyo na aibu. Kwenye filamu hatukuwa tumeliona jina hilo, kwa sababu majina ya mwisho yanapoanza kupanda watu wa huku huwa wameshasimama wanatafuta viatu.

Naomba niwaeleze, maana nadhani mlikosea kwa kutojua. Kwetu Wakonzo mtoto hasubiri kuchaguliwa jina, jina ndilo linalomsubiri mtoto. Mzaliwa wa kwanza akiwa msichana ni Masika. Wa pili ni Biira. Wa tatu ni Kabugho. Hilo la Mackline au la Immy ni la ubatizo, kila mtu huokota analopenda. Lakini la kwanza ni hesabu, na hesabu inafuata tumbo la mama. Mackline ni mzaliwa wetu wa kwanza. Ni Masika. Mimi mwenyewe huitwa Baba Masika, hata mbuzi wangu wanajua.

Ninyi mkatangaza nchi nzima, na nchi jirani, kwamba mke wangu Yudesi alizaa mabinti wawili kabla ya huyu. Waheshimiwa, hata anayewatangazia vita wenzake hutuma mjumbe kwanza.

Kabla hamjamaliza kumvisha shada, dukani kila mtu alikuwa ameshageuka kunitazama. Asubuhi yake nadharia zilikuwa nyingi kuliko maembe. Wapo waliosema Masika wa kweli ameolewa Karusandara. Wengine wakasema yuko Beni, ana duka la vitenge. Mwanamke mmoja wa Kitswamba aitwaye Biira, ambaye nakumbuka tulisoma naye darasa moja, alifika na mkoba wake akasema huenda ni yeye. Nilimpa chai, akanywa, akarudi kwao.

5. Kuhusu Yudesi. Jina liliposomwa, watu wote walipiga kelele isipokuwa yeye. Alijiziba mdomo kwa kanga akatazama ile skrini bila kupepesa. Mimi niliona hiyo ni aibu ya mtu aliyeshikwa. Kwa hiyo siku iliyofuata nilimuuliza. Niliuliza kwa upole, kwa utaratibu, mbele ya Blasio kama shahidi ili haki itendeke pande zote. Nilisema, "Mama Masika, hao wawili wako wapi?"

Hakujibu. Mwanamke huyu hujibu hata matangazo ya redio. Alikung'uta unga wa muhogo mikononi, akafunga nguo zake ndani ya beseni, akaenda Maliba kwa kaka zake. Huko kaka zake hawapokei simu yangu, na yule mdogo, Ezironi, alipoipokea kwa bahati mbaya alisema, "Shemeji, wewe kaa na hesabu yako."

Basi nakaa nayo. Napika mwenyewe bundu, ugali wetu wa muhogo, na mbwa ameanza kula kwa jirani. Nikiingia ndani naongea kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kunijibu. Waheshimiwa, nitasema wazi kwa kuwa hamnijui: nyumba imekuwa kubwa mno, na sipendi jioni zake.

6. Kwa hiyo naomba Kamati ichague moja kati ya haya. Kwanza, mlifute jina lile kwenye kioo, muandike Masika, na mtangaze marekebisho kwa sauti ileile na wakati uleule ambao Maliba wanatazama. Au, pili, muifute tuzo yote, mumpe yule mtu mnene, atakayekubali chochote.

Au, tatu, kama heshima ya Tamasha haiwaruhusu kukiri kosa, basi mlitimize. Mniletee mabinti wawili. Wawe wakubwa kuliko Mackline kwa umri unaoridhisha, mmoja Masika, mmoja Biira. Wawe na adabu, wajue kuchuma kahawa, na wasiwe waigizaji. Uyatima hautakubaliwa. Nitawapokea, nitawaonyesha kwa kaka za Yudesi, hesabu itakaa sawa na mke wangu atarudi nyumbani akiwa na heshima yake. Sioni ugumu. Watu wanaoweza kuniua mimi kila Jumamosi hawashindwi kuzalisha watoto wawili.

Nasubiri jibu lenu lenye muhuri. Wasalimieni wajumbe wote, dereva wenu, aliyewapigia ngoma usiku ule, na mama aliyepika, maana wageni walionekana wameshiba. Mwambieni na mshereheshaji kwamba sina kinyongo naye, alisoma alichopewa.

Wenu katika kutafuta haki,

Enoka,
Baba Masika,
Mwenyekiti, Chama cha Mazishi.

Nyongeza: Kabla ya kuifunga barua hii nilimpigia Mackline nimsomee, kwa sababu si vizuri kumshtaki mtoto bila yeye kusikia. Alicheka kwenye la kwanza na la pili. La jembe aliniomba nilirudie. Nilipofika kwenye la nne akanikatiza.

Akasema, "Baba, usiwagombeze. Hiyo jina si wao. Ni mimi niliwaambia waandike. Mama aliniambia siku ile ananipandisha basi ya Kampala, nikiwa mdogo. Nilikuwa nalia naogopa kwenda peke yangu. Akasema siendi peke yangu, dada zangu wawili wametangulia."

Waheshimiwa, kabla ya Mackline, Yudesi alibeba mimba mara mbili na hazikufika. Mara zote mbili mkunga Ramula alitoka ndani akaniambia imeharibika, nikasema Mungu anajua, nikarudi kwenye kahawa yangu. Kwetu tulisema mtoto asiyelia hana jina. Sikuuliza alikuwa mvulana au msichana. Sikuuliza wamemlaza wapi. Watu wa kijiji hiki nimewazika kwa utaratibu, kwa orodha na kwa nyimbo, na hao wawili mama yao aliwafukia na Ramula, kisha akaingia jikoni kunipikia. Mackline anasema walikuwa wasichana. Anasema mama yake, wakiwa wawili tu jikoni, humwita Kabugho.

Kwa hiyo naomba msifute kitu. Kioo chenu kimehesabu vizuri. Ombi la mabinti wawili naliondoa pia, ninao.

Abdunoor anataka niiandike barua yote upya, lakini sina muda, asubuhi naondoka kwenda Maliba. Nitamuuliza Yudesi swali lilelile, wako wapi, bila Blasio safari hii, na nitamwomba anipeleke.