Stuli ya Walburga

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Majina yametoka. Binti yangu Walburga ameitwa kwenye usaili wa sekondari ya ufundi, ile inayoendeshwa na chuo kikuu. Ada hakuna. Nafasi arobaini, watoto mia tatu. Akikosa, anakwenda sekondari ya kata isiyo na karakana, na karakana ndiyo kitu pekee anachokitaka. Ijumaa kila mtoto alete kitu alichotengeneza mwenyewe. Walburga ana kipukuchulio cha mahindi: kipande cha bomba na misumari minne. Aibu! Ibra wa jirani yangu Majaliwa analeta feni. Inazunguka.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekwenda kwa Kajetani, seremala wa Ruhuwiko. Nimeagiza stuli ya mninga, yenye kasoro kidogo ionekane kazi ya mtoto. Kasoro amekataa. Ana jina lake mjini, anasema. Nimembembeleza saa nzima.

Alhamisi, 6 Novemba
Stuli imefika. Nzuri mno. Nimeikwaruza kwa msumari, kiasi tu. Kipukuchulio nimekificha darini. Mke wangu Rosemary ameuliza kama nina akili timamu. Walburga ameitazama stuli, akaenda kulala. Ameridhika.

Ijumaa, 7 Novemba
Wazazi tuliambiwa tubaki nje ya geti. Nilijipenyeza hadi dirisha la karakana. Walburga alimwamkia mhadhiri, Mwalimu Jane, vizuri kabisa. Akaulizwa miguu ya stuli ameiunga vipi. Nikamwonyesha kwa vidole. Hakunitazama.

"Hii kachonga fundi Kajetani," alisema. "Kazi yangu baba kaificha. Nikipewa chaki naichora."

Alipewa. Alijaza ubao mzima, akaeleza kila msumari unafanya nini. Hapo mlinzi akanishika ukosi, nikakosa mwisho. Getini Majaliwa alinipa pole huku anacheka.

Jumatatu, 17 Novemba
Amepata! Nimelia, sifichi. Ibra naye kapata, haidhuru. Nimemweleza Majaliwa kwamba ile stuli ndiyo iliyowashtua walimu. Barua inasema Januari aje na sanduku la vifaa, na juma la kwanza kila mwanafunzi atanoa patasi zake mwenyewe. Nimemwambia Walburga asihangaike, nitatafuta mtu wa kuzinoa kabla. Mchana tumenunua sanduku na patasi. Jioni nimekuta sanduku lina kufuli. Ufunguo kauvaa shingoni, anaoga nao. Kufuli lenyewe dogo. Kesho nalipeleka sanduku kwa Kajetani.