Sajini Aliyeimba Polepole

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Kama si mimi, Upare wote usingejua kwamba Amerika kuna watu weusi wanaoimba. Si majivuno, ni ukweli wa mambo. Kuanzia Mwanga mpaka Bendera santuri ya bluzi ni moja. Iko chini ya kitanda changu, ndani ya blanketi la jeshi.

Leo habari zimepanda mlima. Klabu ya Wafanyakazi ya Same imepata gramafoni mpya. Wazee wa kanisa hawataki santuri za dansi, vijana hawataki tenzi, basi wamekubaliana katikati: zinunuliwe sita za Wamerika weusi, tatu za bluzi, yaani nyimbo zao za huzuni, na tatu za Injili. Atatafutwa mtu wa kwenda Moshi kwa treni kuzichagua. Huyo ndiye atakayekaa na ufunguo wa kabati la santuri.

Nikamwambia mke wangu Eliwaza kwamba ufunguo umeshapata mwenyewe. Akasema kahawa bado haijaanikwa.

Jumanne, 7 Agosti

Ufunguo una mtu mwingine anayeutaka. Zebedayo, mdogo wake Eliwaza, karani wa simu pale stesheni. Shemeji yangu huyo. Suruali yake imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Kiingereza anakisoma huku anatafuna.

Mzee Simeoni, mwenyekiti wa klabu, ameamua Jumamosi kila mmoja alete santuri moja na kuieleza mbele ya wanachama. Vizuri. Kueleza ndiyo kazi yangu.

Nimeandika mwongozo wa kuchagua. Santuri ya bluzi iwe nzito mkononi. Mwimbaji awe mwanamume wa sauti nene, aliyeachwa na treni au na mke. Watu wa Same wataelewa, maana treni inawaacha kila wiki. Ya Injili iwe na waimbaji wanne, mmoja wao akinguruma kama gari linalopanda mlima. Ukiipiga na mbuzi akaacha kutafuna, nunua. Mbuzi akiendelea, irudishe.

Eliwaza aliuliza nimesikia wapi hao wanne. Nikamwambia vitani mtu anasikia mengi.

Alhamisi, 9 Agosti

Mazoezi. Gramafoni yangu haina makosa. Springi ilikatika mwaka arobaini na sita, nikaiunga mwenyewe kwa waya wa uzio. Tangu hapo inakwenda taratibu, kwa heshima. Sindano za chuma zilikwisha zamani, natumia miba ya mkonge. Inafaa sana, ila baada ya wimbo mmoja lazima uitupe.

Santuri yenyewe haina karatasi katikati. Mende waliila kwa ajili ya gundi. Jina la mwimbaji likaenda nayo. Sikuhangaika, maana namfahamu. Ni Sajini Elaija, Mmarekani mweusi, shingo kama ya fahali. Tulikutana Bama, kule vitani Asia. Mjapani aliponipiga risasi mguuni, Sajini alinibeba mgongoni akavuka nami mto, na huku anavuka anaimba wimbo huu huu. Kila anayetilia shaka namwonyesha kovu. Mpaka leo hakuna aliyeona kovu akaendelea kubisha.

Mpwa wangu Dorkas, kiongozi wa kwaya ya akina mama, alipita kuchukua ungo akasikia. Akasema, shikamoo mjomba, huyu Sajini anaimba kama mtu mwenye usingizi. Nikamwambia ni uchovu wa vita. Eliwaza akasema tangu siku nilipoileta santuri yeye anajua huyo ni mwanamke aliyechoka. Wanawake hawajui jeshi.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimebuni jambo la kijeshi. Nimeshuka mlima alfajiri, nikapanda lori mpaka Lembeni, na pale stesheni nikapeleka simu ya maandishi kwenda Same: ZEBEDAYO FIKA MWANGA JUMAMOSI KAZI KUBWA INAKUNGOJA. Sikutia jina langu. Nikaketi kwenye benchi kungoja lori la kurudi, roho imetulia.

Nilisahau jambo moja dogo. Same, anayepokea simu ni Zebedayo mwenyewe. Na karani wa Lembeni, Hezroni, alisoma naye darasa moja.

Kabla lori halijafika Hezroni akanipungia mkono dirishani, akanipa karatasi. Ilisema: SHEMEJI JUMAMOSI NIPO. MSALIMIE DADA. USISAHAU SANTURI.

Kurudi nimebanwa katikati ya magunia ya mkonge. Sindano za mwaka mzima zimeniingia makalioni.

Jumamosi, 11 Agosti

Ukumbi ulijaa. Eliwaza alishuka pia, eti ana haja ya chumvi. Dorkas alikuja na nusu ya kwaya.

Zebedayo alianza. Santuri ya watoto wa shule ya kanisa, wa Amerika huko. Nzuri kwa kiasi chake. Akaeleza dakika mbili akaketi. Mtu asiye na vita hana la kusema.

Nikasimama. Nikaeleza Bama. Nikaeleza mto, mamba, shingo ya Sajini. Nikasema sasa mtasikia sauti ya mwanamume aliyebeba wanaume. Nikakunja suruali, watu wakaona kovu. Mzee Simeoni alivua kofia. Mle ndani ufunguo ulikuwa wangu, kila mtu alijua.

Mashine mpya ikazungushwa. Sindano ikashuka.

Akaimba mwanamke.

Mwanamke wa wazi kabisa. Sauti nyembamba juu, nene chini, yenye makali, na haraka zake. Hakuna aliyecheka mwanzoni. Mzee Simeoni akauliza kwa adabu kama Sajini alikuwa na ndevu.

Nikasema mashine yao ina haraka, imetengenezwa na watu wa mjini. Nikaomba ipunguzwe mwendo. Pembeni kuna kidude cha kupunguza, wakakisogeza. Sajini akarudi, mnene, mchovu, wangu. Nikasema, huyo ndiye. Watu wakaanza kupiga makofi.

Zebedayo akasema, shemeji, ngoja kidogo. Kidude akakiacha palepale, akaweka santuri yake. Watoto wa shule wakageuka wazee wa baraza wanaolalamikia kodi. Hapo ukumbi ulianguka kwa kicheko. Dorkas alijifunika kitenge usoni, mabega yanamtikisika.

Halafu Zebedayo akairudisha santuri yangu kwa mwendo wake na kutafsiri maneno, hakuna aliyemwomba. Mama huyo anasema mume wake anarudi nyumbani na hadithi mpya kila siku, na yeye amechoka kupika kwa ajili ya hadithi. Eliwaza akaomba wimbo urudiwe. Ukarudiwa mara nne.

Zebedayo ndiye anayekwenda Moshi.

Jumapili, 12 Agosti

Sikwenda kanisani. Nilisema mguu unauma. Eliwaza alirudi akiimba ule wimbo, kwa Kipare. Nusu ya kwaya inaujua tayari. Tukaketi kula. Alinitilia nyama nyingi kuliko kawaida, jambo lililonitisha.

Jumatano, 15 Agosti

Zebedayo amepanda mlima mwenyewe. Viatu vyake vimekwisha, sikumsikitikia. Amerudi kutoka Moshi na santuri sita, lakini anasema hakupata hata moja ya kushinda yangu. Huko dukani aliuliza yule mama ni nani, hakuna anayemjua. Klabu inaomba yangu iwe ya kwanza kabatini. Upande wa pili una wimbo wa Injili, Dorkas anautaka kwa kwaya. Na kwa kuwa ni yangu, ufunguo wa pili nitakaa nao mimi.

Kuna sharti moja. Ameleta daftari la klabu. Niandike kwa mkono wangu santuri nimeipata wapi na kwa nani. Akasema, shemeji, kweli tu, mistari miwili inatosha, hakuna atakayekucheka tena. Akanipa kalamu yake nzuri. Eliwaza akaacha kupepeta mahindi.

Nikaandika kurasa mbili. Kwamba mwimbaji ni Nesi Elaija, dada wa Sajini, wanafanana sauti. Kwamba alinihudumia hospitali ya Bama siku arobaini na moja, akaniimbia kila asubuhi, na kwamba nisingekuwa na mke nyumbani mambo yangekuwa mengine. Zebedayo alisoma, akafunga daftari polepole, akaniachia ufunguo. Alipofika kwenye migomba nilimsikia akicheka peke yake.

Eliwaza aliuliza jambo moja tu, kama huyo nesi alikuja kabla ya ile sufuria au baada yake.

Daftari langu hili hakuna anayelisoma, basi niandike. Bama sikufika. Nilifika Mombasa, jikoni kwa jeshi, na kovu ni la sufuria ya makande, yalinimwagikia nikipiga chafya.