Ombi la Kumwachisha Kazi Bawabu wa Yai

Kwa Mkuu wa Maabara ya Uzazi wa Wanyama

Mheshimiwa Profesa,

YAH: PROTINI INAYOCHELEWESHA WATU

Nakuandikia kama mtaalamu wa siku nyingi wa mayai ya mamalia. Cheti usiniulize. Kusema kweli mimi ni fundi cherehani, na mpaka majuzi nilidhani mwenye yai ni kuku peke yake. Ninayoyajua nimeyapata ukutani. Binti yangu, yule wa darubini ya dirishani kwako, kila jioni hujizoeza hotuba yake ya mkutano mbele ya kioo cha kabati, na ukuta wetu ni wa mbao.

Baada ya kusikiliza kwa makini, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Yai la panya, la ng'ombe, na hata la mke wangu, huanza kujigawa kabla mwenye yai mwenyewe hajazaliwa. Likifika katikati, protini fulani zinaliambia lisimame. Linasimama. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anavunja ungo, yai limesimama tu. Mimi mteja akingoja suruali tangu asubuhi mpaka jioni, ananitukana mpaka marehemu bibi yangu. Hizi protini nani amewahi kuzitukana?

2. Hatimaye homoni inaliamsha yai, protini nyingine inalisukuma mbele, tunashukuru. Kumbe bado. Hatua chache tu, linasimamishwa tena na protini ambayo binti huitaja kwa herufi na namba, mimi naiita Bawabu. Safari hii eti mpaka mbegu ya kiume ifike. Kizuizi kimoja naelewa. Viwili ni urasimu. Hata ofisi ya ardhi haijanizungusha hivyo, na ofisi ya ardhi naijua.

3. Tabia hii inaambukiza. Fundi wa majokofu yenu, kijana tunayemwita Baridi, huja kwangu kila Jumapili. Anakunywa chai, anafungua jokofu letu ambalo halijaharibika, analisikiliza kama daktari, analifunga, anaaga. Mke wangu alishanunua kitambaa cha gauni la harusi, kipo sandukuni kinanuka dawa ya nondo. Macho yangu yanakwisha, Profesa. Gauni hilo nataka kulishona mimi, wakati bado naliona tundu la sindano. Lakini binti, kwa kushinda na mayai yaliyofunzwa kungoja, naye amejifunza kumngojesha kijana wa watu. Lawama hii ni ya maabara yako.

4. Hivyo naomba Bawabu aachishwe kazi mara moja, kwa panya wote, ng'ombe wafuate. Akikaidi, ahamishiwe kwenye figo, ambako sijasikia malalamiko. Nafasi yake isijazwe. Yai lililo tayari liende zake, lisingoje mtu.

Nisalimie wafanyakazi wote, na panya pia, hasa wale wa vizimba vya chini ambao nasikia hawapati mwanga.

Wako mtiifu pale inapobidi,
Fundi Cherehani, baba wa binti wa dirishani

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti ameinyakua barua akaisoma yote. Kanieleza kwamba kuna panya waliozaliwa bila Bawabu. Mayai yao hayakungoja mtu, yakaanza kujigawa yenyewe bila baba, mengine yakaishia kuwa uvimbe. Hapo nikaelewa kifundi. Koti ukiling'oa bandi, ule uzi wa kushikiza, kabla mwenyewe hajaja kupimwa, mabega yanaachia. Tena kasema Bawabu hana kiburi: mbegu ikiingia tu, kalsiamu inatapakaa ndani ya yai kama wimbi, naye anavunjwavunjwa palepale, yai linaendelea. Nikamuuliza, basi Baridi kakosa nini? Akaikunja barua taratibu.

"Baba, mimi sijamzuia mtu. Hajaniuliza."

Kwa hiyo malalamiko yote nimeyafuta. Bawabu abaki, na ukiweza umpandishe cheo. Ila haya ya mwisho binti hajayaona. Ulipoleta suruali ya mahafali niipanue kiuno, ukaomba mkeo asijue, nilifunga mdomo mpaka leo. Nami nina kaombi. Jumatatu mwite Baridi aje aangalie jokofu la chumba anachofanyia kazi binti yangu hapo maabara, hata kama ni zima. Kisha wewe nenda kanywe chai, unywe polepole, na ukirudi piga hodi.