Kitenge cha Harusi ya Jémima

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Baridi. Vumbi la barabara ya mgodini limeingia hata kwenye sukari. Na bado sijapewa kitenge!

Jémima, binti wa jirani yangu Godelieve, anaolewa Jumamosi. Ndugu na marafiki wa karibu watavaa sare moja, kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Asiye na sare atakaa nyuma, pamoja na wapita njia waliovutwa na harufu ya nyama. Mimi nyuma! Mimi niliyemwogesha Jémima siku aliyozaliwa, hapa hapa Kapata! Joyeuse, aliyehamia juzi tu, ameshapewa chake. Amekifua na kukianika mara tatu, na wala hakijachafuka.

Imeniuma. Naandika wazi kwa kuwa Zéphirin, mume wangu, hasomi daftari hili. Yeye anasema ningoje, eti subira huvuta heri. Subira yake imetuvutia nini miaka ishirini na sita? Bati linalovuja.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata! Kuomba siendi, heshima yangu hairuhusu. Nitaandaa karamu ya kugeuza nguo. Kila mama aje na nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa, tukate, tushone, tunywe chai. Suruali iwe sketi, shati la mzee liwe gauni la mjukuu. Wote wameshonesha sare zao wiki hii, kwa hiyo vipande vya bluu havitakosekana. Nitaokota kimoja hapa, kimoja pale, mpaka nipate blauzi. Nani atajua?

Joyeuse akauliza kama kweli nina mashini ya kushona. Nikasema ninayo. Sina. Mchana wote nimezunguka kuazima.

Alhamisi, tarehe 6

Nimechoka hadi kwenye kucha. Mashini niliyoazima inashona kurudi nyuma tu. Mama Mushiya alileta suruali za kazi za marehemu mumewe, ngumu kama mlango. Sindano tatu zimevunjika. Joyeuse alileta soksi. Soksi tupu! Akala nusu ya mikate ya kukaanga. Na kipande cha bluu hata kimoja! Kumbe mabaki yote wameyashonea vilemba.

Mwishoni akaingia Godelieve na furushi. Na limefungwa kwa kitu gani? Kitenge cha bluu chenye ndege wa njano, kipya, kizima! Akanipa mkononi, akasema nilifungue mwenyewe. Alitaka kuendelea, lakini Joyeuse akajichoma kidole na kupiga kelele kama anayezaa, wote wakamkimbilia.

Kila mtu anajua kwamba kitambaa cha kufungia furushi hakiguswi. Unatoa vitu, unakikunja, unamrudishia mwenyewe. Hata mtoto anajua. Nami najua! Nikaingia na furushi chumbani. Ndani mlikuwa na mashati mawili ya zamani, basi. Nikakikunja kitenge mara nne, kwa adabu kabisa, tayari kukirudisha. Mikasi ilikuwa pale pale. Nikajiambia, kipembe kidogo tu. Macho ya Godelieve siku hizi hayatofautishi mbuzi na mbwa.

Nikakata. Nikakikunjua. Pembe ile haikuwa pembe, ilikuwa katikati ya kitenge! Tundu moja la mviringo, linapitisha kichwa changu na nafasi inabaki.

Nikakisukuma chini ya godoro. Godelieve alipoaga alinitazama kama anangoja neno. Nikamwambia kitambaa chake nitakifua kwanza. Akashangaa kidogo, akaenda.

Ijumaa, tarehe 7

Godelieve amekuja asubuhi. Akauliza kama fundi amemaliza. Nikauliza, fundi wa nini?

Akasema, "Kikwembe, Mama Adèle! Njo yako ile. Ilikuwa imeisha ku soko hapa, kaka yangu Stany njo aliipata ku Fungurume. Nilitaka nikupe mbele ya bamama bote, juu weye njo mama wa pili wa Jémima."

Kumbe kitenge kile kilikuwa changu tangu mwanzo, kimetafutwa hadi Fungurume! Nililia. Sikuweza kujizuia. Alidhani ni furaha, akanishika mkono, akalia naye. Nikaacha adhani hivyo. Nimeukata upendo wa watu kwa mikasi yangu mwenyewe, halafu nikausukuma chini ya godoro.

Mafundi wote wamejaa kazi. Kitenge kingine hakuna.

Jumamosi, tarehe 8

Nimekivaa. Kichwa kimepita tunduni, mabega yote mawili nje kwenye baridi, mshipi wa Zéphirin kiunoni. Nimekaa mbele, na familia! Joyeuse akauliza mtindo gani huu. Nikasema ni wa Lubumbashi. Meno yalikuwa yanagongana. Jémima akanikumbatia, akauliza kama nina malaria.

Godelieve alilitazama tundu kwa muda mrefu. Macho yake si mabovu hivyo. Akavua shali yake, akanifunika mabega. Afadhali angenitukana. Sikuonja hata nyama.

Nimeapa: ujanja basi. Maisha yangu yote yaliyobaki.

Jumatatu, tarehe 10

Mafua. Blandine, binti wa Mama Mushiya, anabatizisha mtoto mwisho wa mwezi. Sare imeshachaguliwa, ya kijani yenye samaki. Jana kanisani Mama Mushiya amenisalimu vizuri, akauliza habari za mafua, na kitenge hakukitaja. Zéphirin anasema bila shaka changu kipo, ningoje tu. Huenda. Lakini kungoja kunachosha kuliko kushona.

Nimewaalika akina mama Jumatano, waje na nguo kuukuu. Mama Mushiya nimemwomba avifunge vitu vyake vizuri, kwenye kitambaa kikubwa. Safari hii nitakikunjua kabla ya kukata.