Bingwa wa Shabaha wa Duka la Msellem

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Heshima kubwa! Madam Ashwaq ameniagiza niandike ukurasa wa tovuti: watu wa duka letu la bunduki za kuwindia na walivyojifunza kulenga. Baba yake, Mzee Msellem, mwenye duka, alijifunza Pemba akiwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakila mihogo. Madam mwenyewe ana medali za kupiga visahani vya udongo vikiruka hewani. Nimeandika vizuri mno. Mwishoni nikaongeza: “Cyrus, muuzaji, bingwa wa shabaha kutoka Kenya.” Bunduki pekee niliyowahi kufyatua ni ya maji, tena ya mtoto wa jirani. Nani atauliza?

Yekoniya, askari wetu wa mlangoni, alikuwa mwanajeshi kwao Uganda. Nimesahau kumtaja. Kwa makusudi.

Jumatano, 12 Novemba
Wameuliza! Wateja wanataka kumwona bingwa. Mzee Msellem amefurahi, amesema Jumamosi nitafungua shindano la wateja uwanjani. Nikacheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Nimemwomba Yekoniya anifundishe kwa siri. Amenijibu kwamba somo la kwanza ni kumwambia Mzee ukweli kabla sijashika silaha. Wivu mtupu! Nimefanya mazoezi bafuni kwa ufagio. Evans, ninayeishi naye chumba kimoja hapa mtaa wa Satwa, huku Uarabuni, ameuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa.

Ijumaa, 14 Novemba
Mpango mpya. Nimejifunga bandeji bega la kulia, nikamwambia Madam nimeteguka. Akanipa pole kwa dhati. Kisha akaniletea bunduki nyepesi ya watu wa mkono wa kushoto. Duka hili lina kila kitu, laana!

Viza yangu iko mikononi mwa Mzee.

Jumamosi, 15 Novemba


Madam alinipa bunduki yenye risasi mbili. Wateja wakainua simu zao. Nikapaza sauti kirushwe, kisahani kikaruka, nikafumba macho yote mawili, nikafyatua. Mlio! Bega likaenda kwake, mimi kwangu. Kisahani kikatua mchangani kizima.

Nikageuka kuona kama kuna anayepiga makofi.

Bunduki ikageuka nami. Nilipotulia, mtutu ulikuwa umeelekea kifuani kwa Mzee Msellem. Risasi ya pili ilikuwa bado ndani. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kifyatulio. Mzee hakusogea hata ukope.

Nikasikia sauti ya Yekoniya kando yangu, ya chini kabisa: “Cyrus, usitikisike. Toa kidole.”

Kidole kilikataa kunitii. Kikatii baadaye. Yekoniya akaushika mtutu, akauelekeza chini, akaifungua bunduki, akaitoa risasi.

Mzee akaketi palepale mchangani. Akasema kaka yake, Ubaid, aligeuka vivyo hivyo shambani Pemba, wakiwa vijana. “Nguruwe alikimbia,” akasema. “Tukamzika binamu yetu.” Kisha akanitazama. “Mwanangu, bunduki umeishika mara ngapi?”

Nilitaka kusema mara mia. Mdomo ukasema, “Leo tu, Mzee.”

“Khalas, yameisha,” akasema.

Jumatatu, 17 Novemba
Sijafukuzwa! Nimemwapia Mzee kwamba sitasema uongo tena. Machozi yalinilengalenga, naye pia. Hata hivyo sigusi bunduki. Ukurasa umeandikwa upya, Yekoniya yuko juu kabisa na picha, na ndiye atakayewafundisha wateja usalama. Katika picha ametabasamu. Sijawahi kumwona akitabasamu.

Mimi nimehamishiwa ghala la Ras Al Khor, kwenye mahema na viatu vya jangwani. Asubuhi hiihii ameingia mteja tajiri, mwewe wa kuwindia mkononi. Akasema anasafiri, akauliza kama kuna yeyote hapa anayejua ndege hawa. Wapakiaji wote wakaangalia chini. Aibu gani kwa kampuni! Nikamwambia baba yangu alifuga mwewe arobaini.

Ameniachia ndege wake mpaka Ijumaa. Yuko rafu ya juu, ananikazia macho. Nimempa mkate. Hataki.