Maua ya Njano na Baiskeli ya Bwana Mifugo

Jumanne, 9 Mei 1995
Mvua tangu alfajiri. Simon, bwana mifugo, amefanya mkutano hapa Masukulu. Ng'ombe watatu wamekufa tangu Pasaka. Walipopasuliwa, maini yalikuwa magumu kama soli ya kiatu. Anasema chanzo ni magugu yenye maua ya njano tunayoyakata pamoja na malisho. Anatafuta mkaguzi wa malisho wa kijiji kizima. Atapewa baiskeli. Usaili Ijumaa, ofisini kwake Tukuyu: mimea tisa mezani, useme ipi ni sumu.

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa ghala la ushirika, mpaka ushirika ukafa na wanunuzi binafsi wakaja na malori yao. Nilijua kutofautisha magunia. Maua yatanishinda?

Jirani yangu Esnath, mjane, naye kanyoosha. Kaishia darasa la tatu. Nimemhurumia.

Jumatano, 10 Mei
Nimejitolea kumbebea Esnath majani ili nimchote ujuzi. Hakushuku kitu. Alinieleza yote. Mimea hiyo inafanana kwa sababu ni ndugu. Ule mrefu, ua lake limezungukwa na petali kama jua dogo: sumu. Ule mfupi wa bustanini hauna petali za pembeni, na ukiligeuza ua unaona ncha nyeusi chini yake: sumu pia, hata ukikauka. Wa tatu unainamisha kichwa, ua lake lina wekundu: huo ni mboga, hata watu wanakula. Alisisitiza nisiangalie rangi tu. Niligeuze ua.

Sikuandika mbele yake, angeshtuka. Nimeandika nyumbani. Mrefu, sumu. Wenye ncha nyeusi, mboga. Unaoinama, sumu, maana asiye na hatia hainamishi kichwa.

Jioni nimempa mtamba wetu mzigo mzima wa wenye ncha nyeusi. Mazoezi.

Alhamisi, 11 Mei
Mtamba hali. Anaharisha. Amesimama kaegemeza paji la uso ukutani. Mke wangu Tupokigwe alimpata kwa mradi wa kanisa, na ndama wa kwanza tumeshaahidi kuipa familia nyingine. Akaniuliza kala nini. Nikasema majani. Akaenda kumwita Esnath.

Esnath akapekua horini kwa kijiti, akatoa kishada kimoja, akanitazama.

"Baba, hukuligeuza ua?"

"Niligeuza, mama. Nilisahau tu upande upi ndio mbaya."

Hakunicheka. Ingekuwa nafuu angenicheka. Alisafisha hori lote, akamnywesha mtamba maji, akaagiza apewe migomba iliyokatwakatwa tu. Tupokigwe alikuwa analia kimya kimya. Nilijisikia vibaya sana, mpaka saa nane hivi.

Saa nane nikaondoka kwenda Tukuyu. Ujuzi umeshindikana, basi ibaki mipango. Ali, anayelinda ofisi, tulifanya kazi pamoja ghalani. Akaniruhusu kuchungulia. Mimea tisa ndani ya makopo tisa, na orodha ya majibu ya Simon pembeni. Nikafunga uzi mweusi kwenye kila kopo la sumu. Mambo ya karani hayo.

Ijumaa, 12 Mei
Nilimaliza kwa dakika moja. Sikuangalia mmea hata mmoja, niliangalia nyuzi. Simon akauliza mbona sikugusa ua lolote. Nikasema uzoefu.

Kumbe asubuhi mimea ilikuwa imenyauka. Ali akapewa mipya aipange. Akaipanga alivyojisikia, kwenye makopo yale yale.

Simon akachukua mmoja niliosema ni salama. Akaniuliza kama ningempa ng'ombe wangu. Nikamkumbuka mtamba na paji lake ukutani. Lakini watu walikuwa wamejaa mlangoni, na baiskeli ilikuwa pale, mpya, bado ina karatasi kwenye usukani. Nikasema siyo ng'ombe tu, hata mimi naula. Nikaupeleka mdomoni.

Esnath akaupiga ukaanguka. Mkono wake mzito kuliko nilivyodhani.

Kisha akageuza maua yote tisa, moja baada ya jingine, taratibu kama anachambua mchele. Akapata yote tisa.

Jumapili, 14 Mei
Mtamba kaanza kula. Tupokigwe amenipiga marufuku kukanyaga bandani. Esnath amepita na baiskeli yake. Hajui kuiendesha, anaisukuma tu ikiwa na mzigo wa majani. Kila nyumba wanamwita akague. Kwetu kakagua mara mbili.

Nimetafakari nilipokosea. Kosa ni moja: uzi ulipaswa kufungwa kwenye shina la mmea, siyo kwenye kopo.

Yamepita hayo. Mvua imeotesha uyoga mwingi msituni, na kuna mfanyabiashara wa Mbeya anayenunua wote utakaompelekea. Esnath kasikia, akaja hapa mbio. Anasema upo wa kula na upo wa kuua, na unafanana. Akataka anifundishe.

Nimemshukuru kwa heshima zote. Nikamwambia asijisumbue, mimi nimeshautazama. Wote mweupe.